Ngozi inapauka kila nikioga, nitumie sabuni gani? Jibu la muuza vipodozi wa Kirumba

Mdogo wangu wa Nyegezi, umeuliza kwa nini miguu inapauka na kuwasha kila ukitoka kuoga, huku mgongoni una chunusi. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika: mmoja sabuni ya dawa, mwingine ya mwarobaini, mwingine ya mche. Mimi nauza vipodozi Kirumba, hapa Mwanza, jirani na mwaloni wanakoshusha samaki, na swali lako naletewa dukani mara kwa mara. Nakujibu kwa urefu kwa sababu inaniuma kuona ngozi nzima ikiharibiwa na sabuni ambayo mtu alisifiwa tu.

Anza kwa kuijua ngozi yako. Oga, jifute, usipake kitu chochote, kaa kama nusu saa. Ikikubana, na ukiikwaruza kwa kucha ikaacha mstari mweupe, ni kavu. Iking'aa na kuteleza kifuani na mgongoni, ni ya mafuta. Ikiwaka au kutoa vipele kila ukigusa sabuni yenye manukato makali, ni nyeti. Isipokusumbua kwa lolote, iache na sabuni yake. Wewe kwa maelezo yako unazo mbili, na wala si ajabu: tezi za mafuta ni nyingi usoni, kifuani na mgongoni, lakini kwenye ugoko ni chache. Ndiyo maana kutafuta sabuni moja ya mwili mzima kunakuchosha.

Sabuni ya kipande tunayoizoea hutengenezwa kwa mafuta, ya mawese kwa mfano, yakichanganywa na kostiki, ile soda kali. Kwa kawaida pH yake (kipimo cha asidi; namba ikiwa ndogo, asidi ni nyingi) huwa 9 hadi 10, wakati ngozi ina asidi kidogo, kama pH 5. Povu likipita linachukua jasho na vumbi, na linachukua pia mafuta yanayozuia maji yasitoke mwilini. Mwenye ngozi ya mafuta anavumilia. Mwenye ngozi kavu anaumia, hasa Juni hadi Agosti, mvua zikishakatika. Sabuni ya mche iache kwenye ndoo ya nguo.

Ukienda dukani, geuza pakiti usome viambato. Vinavyotangulia ndivyo vingi zaidi. Ukikuta “sodium palmate” au “sodium tallowate” mwanzoni, hiyo ni sabuni ya kawaida. Itumie mgongoni, makwapani na nyayoni. Ukikuta “sodium cocoyl isethionate”, hicho ni kisafishaji cha upole, kina povu laini na hakikaushi sana. Hicho ndicho cha magoko na mikono, na ni kwa siku zile tu zenye vumbi. Siku nyingine maji yanatosha. Bei yake imesimama kidogo, lakini ukikitumia sehemu kavu peke yake kinadumu. Kwa chunusi za mgongoni, tafuta chenye asidi ya salisili, kiache dakika moja mbili kabla ya kusuuza. Dodoki nalo lipumzishe. Ngozi kavu haitaki kusuguliwa kila siku.

Sasa niwaseme ndugu zangu wa mwaloni, kwa sababu hili linanigusa. Mtu ameshinda kwenye dagaa na sangara, harufu imemganda, anajisugua sabuni ya unga halafu anamalizia na ndimu. Ndimu inaondoa harufu kweli, maana asidi yake inaua ile shombo. Lakini maji yake yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, ngozi inaungua, malengelenge yanatoka, na baadaye linabaki doa jeusi la miezi. Nimewaona wamama wakija kutafuta krimu ya kuondoa madoa hayo, na kesho yake wanashika ndimu tena. Tumia siki kidogo kwenye maji, suuza vizuri, kisha sabuni ya kawaida. Viganja vikiwa na nyufa, paka mafuta ya mgando usiku badala ya kuongeza sabuni.

Sabuni za dawa mnazipenda mno. Mwaka 2016 Marekani ilipiga marufuku triklosani na viambato vingine 18 kwenye sabuni za kuua vijidudu za matumizi ya nyumbani, kwa kuwa watengenezaji hawakuonyesha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Ya mwarobaini sina ugomvi nayo, ila nayo ni sabuni na itakukausha vilevile. Zile za kung'arisha usizikaribie kabisa. Nyingine huwa na zebaki, na zebaki inaharibu figo. Isiyo na orodha ya viambato wala alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), irudishe mwenye duka akiwa bado anakuangalia.

Kuna muwasho ambao sabuni haina hatia nao. Ukioga ziwani ukatoka unawashwa na vipele vidogo, vinaweza kuwa vijidudu vya kichocho vilivyopenya ngozi. Nenda zahanati, kwa sababu kichocho kina vidonge vyake na sabuni haikitoi. Muwasho unaozidi usiku na kuwapata wote mnaolala chumba kimoja, fikiria ugonjwa wa upele. Mabaka ya utangotango yanahitaji dawa ya fangasi.

Kwa leo fanya hivi: maji ya uvuguvugu, kuoga kwa haraka, sabuni sehemu zinazonuka tu, kisha mafuta ya mgando miguuni kabla unyevu haujakauka. Usibadilishe kingine chochote kwa wiki mbili, ili ujue kilichosaidia ni nini. Halafu rudi hapa utuambie unaoga maji ya bomba au ya kisima. Ya bomba hapa Mwanza hutoka ziwani na ni laini, povu linatoka upesi na kuondoka upesi. Ya visima vingine ni magumu, sabuni inaacha utando unaokausha ngozi, na kama ni hayo nitakushauri uache kipande kabisa uhamie kile cha upole mwili mzima.