Mikate Mitano Mikononi mwa Watoto wa Chekechea

Katika miaka ambayo nimefundisha watoto wa kati ya miaka mitatu na sita katika shule ya Jumapili hapa mtaani Umoja, nimefikia msimamo mmoja ambao ningependa kila mwalimu na mzazi auzingatie kabla hajashika mkasi na gundi: mchezo na kazi ya mikono havina budi kumpa mtoto nafasi ya kukitenda kile kitendo ambacho hadithi imekiegemea. Kupaka rangi picha iliyokwisha kuchorwa humtuliza mtoto, na mvua inapopiga mabati hata sauti ya mwalimu isisikike, picha hiyo ni msaada mkubwa. Hata hivyo, mtoto aliyempaka samaki rangi hurudi nyumbani akimjua samaki, asijue ni kwa nini samaki huyo alitolewa.

Nitatumia hadithi ya Yesu kuwalisha watu elfu tano. Injili zote nne zinaisimulia, lakini ni Yohana peke yake, katika sura ya 6, anayemtaja mtoto aliyekuwa na mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Kwa darasa la wadogo, mimi huanzia kwa mtoto huyo, kwa sababu yeye ni wa rika lao na alichokuwa nacho ni kitu wanachokielewa: chakula chake. Kitendo kinachoibeba hadithi ni kutoa, kisha kugawa, na hivyo ndivyo mikono ya watoto inavyopaswa kufanya.

Tandaza leso au mikeka ya kijani, kwa kuwa Marko anasema watu waliketishwa kwenye majani mabichi, makundi makundi, mia mia na hamsini hamsini. Kuwaketisha watoto katika vikundi kunasaidia pia utulivu wa darasa, jambo ambalo kila mwalimu mwenye watoto wengi kuliko viti atalishukuru. Mpe mtoto mmoja kikapu chenye mikate midogo mitano ya kweli; skonzi ndogo zinatosha, ila waeleze kwamba mkate wa siku ile ulikuwa wa shayiri, na ukipata punje za shayiri waonyeshe wazishike kiganjani ukiwa karibu nao, maana mtoto wa miaka mitatu huona pua na sikio kuwa mahali pazuri pa kuweka punje. Waulize wazazi mapema ni mtoto yupi asiyeruhusiwa kula ngano.

Wapo wanaofinyanga mikate kwa unga uliokandwa na chumvi, vikombe viwili vya unga kwa kimoja cha chumvi na kimoja cha maji. Unga huo ni mzuri sana kwa hadithi nyingine, lakini katika hadithi hii siupendekezi hata kidogo. Umemwambia mtoto kwamba watu walikula wakashiba, naye ana mkate mkononi. Ataula, na chumvi nyingi kiasi hicho haimfai. Mkate uwe wa kuliwa, samaki wawe wa karatasi.

Hapa ndipo ninapowaomba walimu wenzangu wawe waangalifu zaidi. Usifiche mikate mingine nyuma ya pazia ili ionekane imeongezeka. Mtoto wa miaka mitano atagundua, na atakachojifunza ni kwamba muujiza ni kiinimacho cha mwalimu. Mtoto alete kikapu, wewe ushukuru kwa sauti, umege, na watoto wapitishiane vipande hadi kila mmoja apate chake. Kisha sema wazi kwamba sisi mikate yetu mitano imetupatia kipande kidogo kila mmoja, lakini Yesu aliwalisha maelfu hadi wakashiba. Tofauti hiyo wataihisi midomoni mwao, na mara nyingi ndipo darasa zima hukaa kimya likisikiliza. Pia sipendi kumpa mtoto mmoja nafasi ya kuwa Yesu. Mwalimu asimulie sehemu hiyo, na watoto wawe umati, wanafunzi na yule mtoto.

Maswali yatakuja, na yaache yaje. Je, mama yake alikasirika? Biblia haimtaji mama, na ni vizuri kujibu hivyo hivyo. Je, yule mtoto naye alikula? Yohana anasema waliokuwa wameketi walipewa kadiri walivyotaka, na mtoto anayeuliza hivyo amegusa kiini cha hadithi: anataka kujua kama anayetoa hubaki na njaa. Jibu swali hilo polepole, hasa kwa kuwa katika mitaa yetu wapo watoto wanaofika Jumapili asubuhi bila kifungua kinywa, na kwao mkate wa somo hili si mfano tu. Mimi huhakikisha unabaki wa kuongeza.

Kazi ya mikono ifuate baada ya kula. Watoto wa miaka mitano na sita wanaweza kusuka kikapu kwa vipande virefu vya katoni, wakipitisha kimoja juu na kingine chini. Ukiwa na kiondo nyumbani, kilete wakishike ili waone ukindu au mkonge ulivyopishana. Wadogo zaidi wachane karatasi na kubandika magamba ya samaki kwa gundi ya uji mzito wa unga wa ngano, ambayo ni nafuu na huoshwa kwa maji.

Usianze kufagia wakimaliza. Yesu aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia ili kisipotee kitu, nao wakajaza vikapu kumi na viwili. Panga vikapu vyenu sakafuni, wahesabu pamoja hadi 12, mkiongezea makopo kama vikapu havitoshi, kisha watoto waokote kila kipande cha karatasi kilichodondoka. Makombo ya mkate yawekwe katika kikapu chake peke yake, na vipande vya katoni vinavyofaa vihifadhiwe kwa somo la Jumapili inayofuata.