Deni la vitunguu lililoandikwa WhatsApp, lina nguvu mahakamani?

SWALI: Shikamoo wakili. Nanunua vitunguu Mang'ola na kuwauzia wafanyabiashara wa Soko la Mbuyuni, Moshi. Mmoja alichukua magunia 30 kwa mkopo. Bei na siku ya kulipa tulikubaliana WhatsApp tu. Alitanguliza kidogo kwa simu. Sasa anadai kwamba bila karatasi yenye sahihi yake, sina kesi. Ni kweli? (Msomaji, Karatu)

JIBU: Marahaba. Si kweli, na usikubali kukatishwa tamaa na neno hilo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua mkataba uliofungwa kwa njia hiyo, na kifungu cha 18 kinazuia ushahidi kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Zamani haikuwa wazi hivyo. Katika shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises la mwaka 2000, Jaji Nsekela wa Mahakama ya Biashara ndiye aliyekubali karatasi zilizochapwa kutoka kompyuta ya benki, wakati Sheria ya Ushahidi ya 1967 ilitungwa watu wakifikiria daftari.

Ila kupokelewa si kuaminiwa, na hapo ndipo madai ya namna yako hulegea. Hakimu atapima ujumbe ulitungwa, ukatumwa na kutunzwa vipi, kama haukuchezewa, na mtumaji ametambulikaje. Picha ya skrini iliyokatwa, isiyo na namba wala tarehe, inampa mdaiwa mwanya wa kusema "si mimi". Jina ulilomwandikia kwenye simu yako halithibitishi kitu. Namba ndiyo yenye uzito. Kwa hiyo yale malipo ya awali ni dhahabu kwako: kama yalitoka kwenye namba ileile mnayochati, ujumbe wa muamala unaonyesha jina alilosajiliwa nalo.

Simu hiyo usiiuze. Kama mazungumzo yamewekwa yajifute yenyewe, zima mpangilio huo leo. Chapisha mazungumzo yote, hata pale ulipomjibu vibaya, maana kipande kilichochaguliwa hutiliwa shaka. Wakili akuandalie kiapo kinachoeleza kuwa simu ni yako, ilikuwa ikifanya kazi sawasawa, na nakala ilitolewaje.

Kabla ya kufungua shauri, mwandikie kwa namba ileile, kwa adabu, ukitaja magunia, bei na kiasi kilichobaki. Akijibu "nivumilie hadi mwezi ujao", amelikiri deni. Nakusihi tu usimtangaze kwenye magrupu ya wafanyabiashara; anaweza kukushtaki kwa kashfa, na wewe ndiye unayemdai.