Bustani ndani ya chupa: kinachoingia hakitoki

Nyumba yetu imesimama juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo iliyoteremka Goma Januari 2002. Ukichimba uani, jembe linagonga jiwe kabla halijazama kiganja kimoja. Ndiyo maana wengi wetu hapa tunapanda maua kwenye makopo na mabeseni yaliyotoboka, na mimi nilifanya hivyo miaka mingi. Niliyoyapenda zaidi ni makangaga, yale yenye majani kama manyoya, yanayopenda kivuli na unyevu. Ndiyo pia yaliyokuwa yakinifia kila mwaka. Ikifika Juni mvua inakatika, vumbi jeusi la barabarani linaingia ndani, na ncha za majani zinaanza kukauka hata ukimwagilia asubuhi na jioni. Udongo ulikuwa na maji. Hewa ndiyo iliyokuwa kavu.

Mimea ya namna hii inataka terariamu: chombo cha kioo chenye kifuniko, udongo chini, mimea juu. Maji yanayotoka kwenye majani hayapotei hewani. Yanageuka matone kwenye kioo, yanateremka, na mizizi inayanywa tena. Mwaka 1829, huko London, daktari Nathaniel Ward alifungia kifukofuko cha nondo ndani ya chupa yenye udongo wenye unyevu, akashangaa kuona kangaga limejiotea humo lenyewe. Baadaye visanduku vya kioo vilivyotokana na wazo lake vilivusha miche baharini. Mkwinini, unaotoa kwinini, dawa ya malaria, ulitolewa Amerika ya Kusini kwenda Asia kwa njia hiyo, nao ni mti ambao leo tunaulima hapa Kivu. Kila nikiifuta chupa yangu vumbi nalikumbuka hilo.

Chupa yangu ya kwanza nilinunua mtaa wa Birere, hapa Goma, na niliichagua kwa macho tu: tumbo pana, shingo nyembamba, nzuri kweli. Mama aliyeniuzia aliniuliza, “Papa, mkono wako utaingia humu?” Nikamwambia nitatumia vijiti. Baada ya wiki tatu jani moja likaoza chini kabisa, vijiti vikashindwa kulitoa, na ule uozo ukatembea hadi ukamaliza mimea yote. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni swali la yule mama. Mkono wako uingie, na utoke ukiwa umeshika kitu. Kioo kiwe cheupe, si cha kijani wala cha kahawia, kwa sababu rangi inapunguza mwanga. Lita 5 zinatosha kuanzia. Chupa ndogo sana ni ngumu zaidi, maana kosa dogo la maji linakuwa kubwa humo. Ukitaka kisanduku, fundi wa vioo atakuunganishia kwa silikoni, lakini mwambie asitumie ile yenye dawa ya kuzuia kuvu, na usipande chochote mpaka harufu ya silikoni iishe kabisa.

Kupanga vitu ndani ni kazi ya saa moja. Chini weka changarawe ya volkano, unene wa vidole viwili. Sisi wa Goma hatuna haja ya kuinunua, tunaikanyaga. Ioshe mpaka maji yawe meupe. Juu yake tandika kipande cha chandarua kuukuu ili udongo usiteremke. Nyunyiza makala, yaani makaa ya kupikia, yaliyopondwa, uyachekeche kwanza utoe unga na majivu. Wengine wanayasifu makala kama dawa ya kila kitu. Kwangu yanasaidia harufu, basi. Kisha udongo, kiganja kimoja kwenda juu, uliochanganywa na majani yaliyooza na changarawe laini. Umwagie maji yanayochemka siku moja kabla, uache uchuje na upoe, ili mayai ya wadudu yafe. Usitie samadi. Mimea iliyoshiba mbolea inakua haraka, na ndani ya chupa hakuna pa kukimbilia.

Sasa maji, na hapa naomba msomaji wangu atulie nami kidogo, kwa sababu chupa zinakufa kwa maji kuliko kwa kitu kingine chochote.

Chupa ya pili niliipanda vizuri, nikainywesha maji ya Ziwa Kivu, yale yale tunayochota kwa bidoni. Baada ya miezi michache kioo kilikuwa na ukoko mweupe usiofutika, na kuvumwani, lile zulia laini la kijani nililolitandaza juu ya udongo, likawa kahawia. Maji ya ziwa letu yana chumvi nyingi za madini, na hayana ule uchachu kidogo ambao mimea ya msituni inaupenda. Kwenye kopo lililotoboka chini, chumvi hiyo inachujika na kutoka kila unapomwagilia. Kwenye chupa haina pa kutokea. Maji yanapanda kama mvuke na kurudi, chumvi inabaki palepale, na kila ukiongeza maji unaiongeza na yenyewe.

Tumia maji ya mvua, ila si ya mvua yoyote. Moshi wa Nyiragongo unaweza kuitia mvua tindikali na floridi, na mabati yetu yana vumbi na majivu. Acha mvua ioshe paa kwanza, kinga ile inayofuata, uiache itulie usiku kucha, uchote ya juu.

Kiasi? Kwa chupa ya lita 5 nilianza na nusu kikombe cha chai, kwenye udongo uliokuwa tayari na unyevu. Najua inaonekana ni kidogo mno, na mkono utataka kuongeza. Uzuie. Bonyeza udongo ndani ya ngumi: ukishikamana bila kudondosha hata tone, umetosha. Kuongeza ni rahisi siku yoyote, lakini kupunguza ni kazi, inabidi uache chupa wazi siku nyingi, na mimea inateseka. Kisha soma kioo. Ukungu wa asubuhi upande mmoja, ukiondoka kufikia mchana, ni dalili njema. Kioo kikilowa chote kutwa nzima, fungua kifuniko saa chache kila siku mpaka hali ibadilike. Usipoona ukungu kwa siku kadhaa, ongeza vijiko viwili.

Mimea ya kuanza nayo ni ile midogo inayokua polepole: makangaga madogo, fitonia yenye mishipa myeupe au ya waridi, peperomia, na kuvumwani. Urujuani wa Kiafrika nao unawezekana katika chupa pana. Asili yake ni Tanzania na Kenya, na umaarufu wake ulianzia milima ya Usambara, kwa hiyo unyevu si mgeni kwake, ila usiloweshe majani yake. Mshubiri na jamii zote za majani manono yenye maji ziache nje. Ndani ya chupa iliyofungwa zitaoza. Kuvumwani nilikitoa kwenye ukuta wa nyuma wa kwetu, chini ya mlizamu, kwa kisu cha mezani. Tafadhali usiende kuking'oa kwenye Hifadhi ya Virunga, hata kipande. Msitu ule umebeba mengi tayari.

Mahali pa kuweka chupa panadanganya. Inataka mwanga mwingi lakini jua lisiipige, kwa sababu kioo kinafungia joto na majani yanapikika. Mimi niliweka yangu kwenye dirisha linalotazama Nyiragongo mwezi wa Desemba, jua halikuifikia kabisa, nikaridhika. Juni nilirudi kutoka kazini nikakuta fitonia imelala kama mchicha uliochemshwa. Tuko karibu mno na ikweta: katikati ya mwaka jua linapita upande wa kaskazini, upande wa volkano, na mwisho wa mwaka linapita upande wa ziwa. Dirisha salama la Desemba si salama la Juni. Siku hizi chupa yangu iko mezani, hatua moja na nusu kutoka dirishani, na naizungusha robo kila Jumapili ili mimea isiegemee upande mmoja.

Wiki za mwanzo utaona utando mweupe kwenye vijiti au majani yaliyokufa. Usiogope, wala usipulizie dawa. Toa kilichokufa, acha kifuniko wazi kidogo siku mbili, ufunge. Na kangaga likianza kugusa kioo, likate jani refu kutoka chini kabisa, kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti, siku ambayo kioo ni kikavu.