Tairi moja la trela la boti linachemka, na nikirudi nyuma breki zinakaba

Swali: Salamu, fundi. Nina boti ya faiba ninayoivuta kwa trela la ekseli moja lililotoka Uingereza. Trela, boti na injini kwa pamoja ni kama kilo 1,300. Ninaishi Entebbe, lakini mara nyingi huipeleka Butiaba, kwenye Ziwa Albert. Breki zilianza kulegea, na kila nikipunguza mwendo nasikia trela likigonga gari kwa nyuma. Fundi mmoja aliingia chini, akakaza nati ya ile rodi ndefu ya katikati. Breki zikapata nguvu siku chache, kisha tairi la kushoto likaanza kuchemka hadi kutoa harufu. Sasa nikirudi nyuma kuelekea majini, matairi yanakaba kabisa. Fundi huyo ananishauri ning'oe breki zote, eti za gari zinatosha. Nimsikilize?

Jibu: Usizing'oe, ndugu yangu. Mteremko wa kushukia Ziwa Albert ni mrefu, na trela lisilo na breki litakuwa linakusukuma tangu juu hadi chini, huku breki za gari zikichemka na kupoteza nguvu. Huko Ulaya lilikotengenezwa, trela lisilo na breki haliruhusiwi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo wake. Lako linakaribia mara mbili ya hapo. Na kabla hujalitengeneza, usilivute tena safari ndefu. Joto linalotoa harufu huharibu grisi ya beringi, na beringi ikikwama ukiwa mwendoni, tairi linaweza kuchomoka pamoja na drami yake, lile bakuli la chuma linalofunika breki.

Kwa ulivyoeleza, sioni magonjwa matatu. Naona moja, na lingine lililoletwa na dawa yake.

Trela la aina yako halina mafuta ya breki wala waya wa umeme kwenda kwenye breki. Gari likipunguza mwendo, trela husukuma mbele, shafti ya pale linapofungwa kwenye gari huingia ndani, nayo husukuma wenzo unaovuta rodi ndefu. Rodi huvuta bamba dogo karibu na ekseli, na kwenye bamba hilo kumefungwa kebo mbili, moja kwa kila tairi. Kebo hupanua viatu vya breki ndani ya drami.

Viatu hivyo huisha kidogo kidogo, kwa hiyo nafasi kati yake na drami inaongezeka. Shafti inalazimika kuingia zaidi kabla breki hazijashika, mpaka inafika mwisho wa safari yake na kugonga. Hiyo ndiyo sauti uliyoisikia. Dawa yake iko ndani ya drami, kwenye kirekebishaji cha viatu. Fundi wako alifupisha rodi, na kwa kufanya hivyo aliviacha viatu vimepanuliwa muda wote, hata usipokanyaga breki. Upande wa kushoto, ambao nashuku kebo yake ina kutu, ndio uliogusa zaidi, ukachemka.

Kukaba unaporudi nyuma kumetokana na hapohapo. Kiatu kimoja katika kila drami kimewekwa juu ya kishikilio kinachoteleza. Drami ikizunguka kinyumenyume, hukikokota kiatu hicho, kishikilio kinasogea, na viatu vinajilegeza ili trela lirudi bila kukaba. Rodi ikiwa imekazwa kupita kiasi, nafasi ya kulegea haipo tena.

Anza kwa kuangalia tu, bila spana. Mtu avute hendibreki, wewe chungulia lile bamba. Linatakiwa kukaa mraba na rodi. Likiinama upande mmoja, pande mbili hazivuti sawa: kuna kebo iliyoganda, au viatu vya upande mmoja vimeachwa mbali na drami.

Kisha tafuta sakafu ngumu iliyo sawa, weka vizuizi mbele na nyuma ya tairi litakalobaki chini, achia hendibreki, na vuta shafti mbele mpaka mwisho. Inua upande wa kushoto kwa jeki na uweke stendi. Usifanye kazi chini ya jeki peke yake. Legeza nati ya rodi mpaka kebo zote mbili zining'inie, halafu zungusha tairi kwa mkono kuelekea mbele. Likizunguka vizuri, kosa lilikuwa kwenye rodi au kebo. Likiendelea kushika, tatizo liko ndani: springi imevunjika, kirekebishaji kimeganda kwa kutu, au beringi imekwisha. Zichomoe kebo kwenye bamba uzivute moja moja. Kebo nzima huteleza na kurudi kama ya breki ya baiskeli mpya. Inayokwaruza au isiyorudi, itupe. Watu huimiminia mafuta, inafanya kazi wiki moja, inaganda tena, kwa sababu kutu imeshakula nyuzi ndani ya ganda lake.

Nakuomba ufungue drami zote mbili hata kama upande wa kulia unaonekana mzima. Usipulize vumbi kwa kompresa. Viatu vya zamani vinaweza kuwa na asbesto. Futa kwa kitambaa chenye maji. Ukikuta grisi juu ya viatu, sili ya beringi imepasuka, na viatu hivyo havisafishiki kwa petroli wala kwa moto. Badilisha sili na viatu, pande zote mbili. Wakati wa kurudisha, angalia nati ya ekseli. Beringi za kisasa zilizofungwa kiwandani hutumia nati ya mara moja inayokazwa kwa nguvu kubwa sana, nyutoni-mita 290 kwenye ekseli nyingi za kampuni ya AL-KO. Beringi za zamani zenye nati ya pini, ukizikaza hivyo utaziua palepale.

Marekebisho yenyewe yana mpangilio usiobadilika: magurudumu kwanza, rodi baadaye, hendibreki mwisho. Nyuma ya drami kuna tundu lenye kizibo cha plastiki. Ndani yake utaona gurudumu dogo la meno, ndicho kile kirekebishaji cha viatu. Lisukume kwa bisibisi huku ukizungusha tairi kuelekea mbele tu, kwa sababu ukilizungusha kinyume kile kishikilio kitateleza na kukudanganya. Tairi likikwama, legeza meno mpaka lizunguke huru. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Sasa ndipo uiguse rodi: kaza nati mpaka ulegevu uishe, na uishie hapo. Rodi isivute chochote wakati breki imeachiwa.

Kama trela bado linagonga baada ya hapo, chunguza shokamzoba iliyo ndani ya shafti. Isukume shafti ndani. Inatakiwa kukataa, kisha irudi polepole. Ikiingia bila ubishi, au ikiingia isirudi, imekufa.

Ziwa letu halina chumvi kama bahari ya Mombasa, lakini matope yake huingia kwenye drami, na maji yoyote hutia kutu. Ukishuka Butiaba, usiingize trela majini drami zikiwa za moto. Hewa iliyo ndani ya habu, yaani kitovu cha tairi penye beringi, hujikunyata ghafla na kuvuta maji kupitia sili. Ngoja zipoe, hata kama watu wa mwaloni wanakuharakisha. Ukitoka majini, zisuuze kwa maji safi, na katika mita mia kadhaa za kwanza kanyaga breki taratibu mara kadhaa zikauke. Nyumbani usiliegeshe kwa hendibreki. Weka vizuizi, maana viatu vilivyolowa hugandana na drami. Na pale kwenye mteremko wa mwalo, weka vizuizi nyuma ya matairi kila mara, kwa sababu breki za aina hii huliachia trela lirudi kidogo kabla ya kushika, na nyuma yake huwa kuna watu wanaoteremsha boti.

Ukienda soko la Kisekka, Kampala, kutafuta vipuri, beba viatu vya zamani na usome namba zilizogongwa kwenye bamba la nyuma ya drami. Viatu vinavyofanana kwa macho hutofautiana upana na mahali pa kushikia springi. Kebo nayo hununuliwa kwa urefu: pima ganda la nje peke yake, kisha waya wa ndani, andika vyote viwili. Nunua mbili.