Nani Hubeba Kodi Mipaka Inapofunguka? Majibu kwa Wasomaji wa Kigoma na Tabora

Mwalimu, Kasulu: Kodi hukatwa kabla sijaugusa mshahara. Biashara ya dunia inahusikaje na makato haya?

Inahusika sana, Mwalimu. Mtaji huvuka mipaka kwa urahisi, na serikali zinazogombea wawekezaji hupunguza kodi za kampuni. Katika nchi za OECD, jumuiya ambayo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, wastani wa kiwango hicho ulishuka kutoka takribani asilimia 32 mwaka 2000 hadi 23 hivi miongo miwili baadaye. Serikali inayohitaji fedha humgeukia asiyeweza kuhama, nawe huwezi kuhamisha darasa lako. Utafiti wa wanauchumi Egger, Nigai na Strecker, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba katika nchi hizo, tangu katikati ya miaka ya 1990, utandawazi uliwapunguzia kodi ya mapato ya kazi asilimia moja ya wenye kipato kikubwa zaidi na kuwaongezea watu wa kipato cha kati.

Kwetu, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kodi huanza kwa asilimia 8 ya kinachozidi shilingi 270,000 kwa mwezi, na mwenye mapato ya kutozwa kodi ya 1,000,000 kamili hulipa 128,000. Kinachozidi hapo hutozwa asilimia 30, na ngazi huishia hapo: mkurugenzi wa milioni ishirini na ofisa wa milioni moja na laki mbili hukatwa kiwango kilekile kwa kila shilingi ya ziada. Naiona hiyo kuwa dhuluma.

Mkulima wa tumbaku, Urambo: Mimi sina mshahara. Je, nimesalimika?

Hapana, mzee wangu. Bei ya tumbaku yako hufuata mahitaji ya wanunuzi wa nje, na ukinunua sabuni unalipa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18, ambayo haiulizi mavuno yalikuwaje.

Muuza mawese, Ujiji: Basi tufunge mipaka?

Tusifunge, mama. Bandari ya Kigoma huhudumia mizigo ya Burundi na Kongo, na wapagazi, mabaharia na mama lishe hula kutokana nayo. Kinachopaswa kufuatwa na kutozwa kodi ni faida ya kampuni. Mwaka 2021 nchi zaidi ya 130 zilikubaliana kwamba kampuni kubwa za kimataifa zilipe angalau asilimia 15, ambayo ni nusu tu ya asilimia 30 inayotozwa kampuni zetu kwa kawaida. Kwa upande wa mishahara, Bunge liongeze ngazi nyingine juu ya ile ya milioni moja, na fedha zitakazopatikana ziwape nafuu walio kwenye ngazi za chini, wanaokatwa asilimia 8 na 20.