Injini inanguruma lakini gari haliendi: usikubali giaboksi ishushwe kwanza

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba jipu lako la otomatiki limekata mwendo ghafla ulipokuwa unaondoka kwenye taa, injini inanguruma kama kawaida, D (ya kwenda mbele) na R (ya kurudi nyuma) zote hazishiki, na fundi ameshasema giaboksi imekufa. Mimi niliambiwa maneno hayohayo kwa simu mwaka 2022, nikiwa nimekwama katikati ya mlima Kitonga na familia garini, na giaboksi ile ndiyo ninayoendeshea hadi leo.

Siku ile nilisikia mlio mmoja tu, "ta!", kisha nguvu zikakatika. Nilipoweka P (ya kuegeshea) gari likaanza kurudi nyuma taratibu, jambo lililonitisha kuliko hitilafu yenyewe; nikavuta hendibreki huku kijana wangu akiruka kutia mawe nyuma ya matairi. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kule kurudi nyuma kulikuwa nusu ya jibu: kinachokamata gari kwenye P kimo ndani ya giaboksi, kwa hiyo gari likiserereka ilhali P imeingia, mara nyingi kuna mahali kati ya giaboksi na matairi pamekatika.

Gari langu hupeleka nguvu mbele na nyuma muda wote, na katikati kuna difu, yaani boksi la gia linalozigawa. Difu hiyo isipolokiwa, mzunguko hukimbilia upande usio na mzigo, hivyo shafti moja ya mbele (chuma kinachopeleka mzunguko kwenye gurudumu) ikiachia, yenyewe huzunguka bure na matairi yote manne husimama, ingawa ya nyuma hayana tatizo lolote. Nilibonyeza swichi ya kuloki difu ya katikati, nikaweka D, na gari likapanda kwa matairi ya nyuma peke yake hadi Ilula. Giaboksi iliyokufa haipandi Kitonga.

Kama lako lina swichi hiyo, anza nayo. Kama ni lile linalosukumwa na matairi ya nyuma mpaka uingize 4H (ya kuendesha matairi yote manne), ingiza 4H. Likienda, tafuta tatizo kwenye propela shafti (ile ndefu inayopeleka mzunguko nyuma), difu au ekseli ya nyuma. Kama halina kimoja wala kingine, liegeshe pa tambarare, zuia matairi kwa mawe, mtu mmoja aweke D huku mguu ukiwa tayari kwenye breki, na mwingine achungulie kwa tochi kutoka pembeni, bila kuingiza hata mkono chini ya gari. Shafti ikizunguka huku tairi limesimama, giaboksi inafanya kazi yake. Usipige jeki tairi moja ukadhani umepima kitu, kwa sababu difu nzima kabisa nayo hulizungusha tairi lililo hewani.

Huko Iringa mzee mmoja wa gereji alibandua kile kifuniko kidogo cha katikati ya gurudumu la mbele kushoto, akaniambia nitoe loki ya difu ya katikati na kuweka D. Ncha ya shafti ilikuwa inazunguka ndani ya flenji (kipande cha chuma kinachounganisha shafti na gurudumu) kama kijiko ndani ya kikombe, na gurudumu halikutikisika. Meno ya flenji yalikuwa yamelika yote, na grisi imegeuka tope la rangi ya kutu. Kwa miezi miwili gari lilikuwa likigonga kila nilipotoka D kwenda R, nami nilizisingizia maunti za injini, vile vishikizi vyake vya mpira! Tulibadilisha flenji pamoja na shafti yake, kwa kuwa meno ya shafti nayo yalishachakaa, na flenji mpya isingedumu.

Simtuhumu fundi wako. Giaboksi hufa kweli, ila kwa kawaida huaga: huteleza, huchelewa kushika gia, na oili yake huwa nyeusi yenye harufu ya kuungua. Pima oili hiyo kabla ya yote, maana ikivuja ikaisha, gari nalo hugoma ghafla. Ikiwa oili ipo na shafti haizunguki kabisa, si kwa D wala kwa R, hapo fundi ana hoja. Fanya kipimo hicho mkiwa pamoja, kisha utuandikie gari lako ni la mfumo gani na shafti ilizunguka au haikuzunguka.