Liki zangu mbona haziweki kitunguu?

SWALI: Shikamoo anti wa bustani. Niko Mbeya, nyuma ya nyumba nina katuta ka liki (leeks, jamii ya kitunguu), nilipandikiza kama miezi mitano iliyopita, majani yamenona kweli ila kila nikifukua chini sioni kitunguu, ni shina tu. Juzi nimevuta moja ikakatika nusu ikabaki ardhini. Jirani anasema niongeze mbolea, mwingine anasema nimeuziwa mbegu feki. Nisubiri au?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, acha kufukua jamani! Liki haiweki kitunguu kama hiki tulichozoea, hata uisubiri mwaka. Kinacholiwa ni hilohilo shina jeupe, kwa hiyo mbegu zako hazina kosa, na huyo jirani wa mbolea mwambie asante akatilie mahindi yake.

Miezi mitano inatosha kabisa, ikishafika unene wa kidole gumba we vuna. Ila usivute hivihivi, liki ina mizizi mingi imeshikilia haswa, mwagilia jioni halafu asubuhi chomeka uma wa bustani pembeni (huna, hata panga), inua udongo kwanza ndo uvute taratibu. Ng'oa za kupika leo tu, zingine ziache zitakaa vizuri hapohapo kwenye tuta. Isipokuwa ukiona moja inachomoza kijiti cha ua, hiyo ing'oe siku hiyohiyo, kile kijiti kinakuwa kigumu kama mti ndani ya shina.

Kama sehemu nyeupe ni fupi basi ulipandikiza juujuu. Safari ijayo miche ikifika unene wa penseli toboa shimo la sm 15, dumbukiza mche na usifukie, mwagia maji tu, udongo utajirudia wenyewe. Halafu kila baada ya wiki mbili tatu pandishia udongo, ila usipite pale majani yanapoachana, mchanga utaingia katikati. Mimi nishawahi kuwapa wageni supu inakwaruza meno, aibu yake mpaka leo! Siku hizi naipasua kwa urefu naosha jani kwa jani.

Na hilo tuta usirudishie vitunguu wala liki, magonjwa yao ni yaleyale. Weka maharage au karoti.

Majani ya juu magumu usitupe, yafunge kwa uzi uyachemshe na mifupa, yakishatoa ladha ndo uyatoe.